Kibao cha Uchochoro wa Dobi

Kipimo alikuwa fundi wa milango. Kwa miaka arobaini na ushee alipima milango ya watu, akaikata, akaipachika, na hakuna hata mmoja uliogoma kufunga. Ndiyo maana wageni wa mji walidhani jina la Kipimo ni sifa ya ufundi, naye aliwaacha wadhani hivyo. Wenyeji walijua kwamba jina lile alilipata siku moja tu maishani mwake aliyosahau kupima, akiwa na ngoma tumboni na watu mia nane mgongoni.

Siku hiyo ilikuwa Siku ya Mji. Waliosoma waliiita kanivali, wengine waliiita wazimu wa mara moja kwa mwaka, na hakuna aliyekosea. Karakana zilifungwa, maduka yalishusha milango, na kila kazi ilitoka barabarani kujicheka yenyewe. Sheria ilikuwa hiyo: huna ruhusa ya kumcheka jirani mpaka umeanza na nafsi yako. Wauguzi walibeba kipimajoto kirefu kuliko mtu, wakawatisha nacho wanaume wazima. Walimu walivaa kaptura za shule na kuchelewa makusudi. Watu wa posta waligawa barua za mwaka juzi. Maseremala nao walivaa fremu za milango shingoni, wakawa wanabishana njia nzima nani kaingia na nani katoka.

Mbele ya wote ilitangulia bendi, na mbele ya bendi ilitangulia ngoma kubwa. Kipimo hakupewa ngoma ile kwa sababu alijua kupiga. Mdundo wake, kwa maneno ya kiongozi wa bendi, ulikuwa wa mtu anayeshuka ngazi amebeba kabati. Alipewa kwa sababu ya mabega. Aliyeibeba kabla yake aliteguka kiuno, na mji mzima haukuwa na mabega mengine ya kujitolea. Ngoma yenyewe ilikuwa pana kiasi kwamba mbebaji hakuiona barabara. Juu aliona mbingu, na chini, upande wa kushoto, aliona hatua tatu hivi za njia. Kwa hiyo halmashauri iliweka pipa jeupe lenye mshale mwekundu kila mahali pa kukata kona. Mbebaji alifuata mapipa, bendi ilifuata ngoma, na mji ulifuata bendi. Ulikuwa mpango mzuri kabisa, kasoro yake ni kwamba ulimtegemea Kipimo.

Kilichotokea mwaka ule hata watoto wa leo wanakijua. Kijana mpiga ngoma, wanasema, alikuwa akimpenda kimyakimya binti wa dobi. Badala ya kwenda moja kwa moja hadi kona ya posta, akauacha mshale, akaugeuza mji mzima na kuuingiza katika uchochoro mwembamba nyuma ya kwa dobi, akajikwamisha na ngoma yake mlangoni pa binti, akasema habanduki mpaka atazamwe. Binti akatoka na ndoo ya maji ya sabuni, akazitelezesha kuta, ngoma ikachomoka, watu wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na baada ya hapo wakaoana. Tangu hapo ikawa desturi. Siku ya Mji haikuhesabika mpaka ngoma imekwama uchochoroni na binti mmoja wa mtaa ametoka na ndoo. Waliiita Kukwama. Vijana walioshindwa kusema jambo mwaka mzima walikuja kulisema pale, wamebanwa ukutani, hawana pa kukimbilia.

Baadaye bendi ilikufa kifo cha bendi zote. Mmoja alihama, mmoja aling'oka meno, mmoja alioa mke asiyependa kelele. Ngoma ikatupwa stoo ya halmashauri, na mara ya mwisho Kipimo alipoichungulia alikuta kuku ametagia ndani. Alimwonea wivu yule kuku kwa jinsi alivyoenea.

Sasa, miaka arobaini na mmoja baadaye, Jumatatu asubuhi, karani wa halmashauri alibisha hodi karakanani. Alikuwa binti mchangamfu, amekumbatia faili kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mlango umegoma?"

"Hapana, babu. Tunataka kibao." Akafungua faili. Halmashauri ilikuwa inaweka vibao mahali pote palipokuwa na historia, na katika mji mdogo kama ule historia ilikuwa imekusanyika sana pale uchochoroni kwa dobi. "Tukasema, nani wa kukichonga kama si mwenyewe? Maneno haya hapa, yameshapitishwa na kikao."

Kipimo akavaa miwani, akasoma: HAPA MPIGA NGOMA ALIUGEUZA MJI MZIMA KWA AJILI YA PENZI. Chini yake palikuwa na mwaka.

"Maneno mazuri," akasema.

"Ijumaa mchana tunakifuata. Watu wameshaalikwa, babu, usituangushe."

Mkewe alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Aliyasoma maneno yale kwa kunyoosha shingo, akatabasamu ndani ya kikombe chake, akaingia ndani. Tabasamu lile ndilo lililommaliza Kipimo.

Kwa maana ukweli ulikuwa hivi. Siku ile Kipimo hakuuacha mshale wowote. Aliliona pipa jeupe, mshale ukaelekea kushoto, naye akakata kushoto kama mtu mwenye adabu zake. Penzi halikuwepo. Binti wa dobi alimfahamu kwa jambo moja tu, kwamba aliwahi kumchomea kola ya shati kwa pasi. Alihisi kuta zinamkaribia, akadhani ni kivuli. Alipojua ni kuta, ngoma ilikuwa imeshabana kulia na kushoto, na nyuma mji mzima unasukuma, unaimba, haujui lolote. Ndipo mlango ukafunguka. Binti akatokeza, pasi ya moto mkononi, akaona ngoma imeziba mlango wake na juu ya ngoma kuna kichwa.

"Unamtafuta nani?" akauliza.

Mwanamume mwingine angesema amepotea. Lakini Kipimo alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi anayepima milango ya watu, amekwama mbele ya mlango, na watu walikuwa wanasikia.

"Wewe," akasema.

Neno moja la woga, basi, na kutoka kwenye neno hilo wakaja mke, nyumba, watoto wanne wa kike, wajukuu saba, desturi ya mji, na sasa kibao.

Uongo wa mdomoni Kipimo alikuwa ameuzoea. Ulikuwa unatoka wenyewe, na kila mwaka ulinenepa kidogo. Kuuchonga ni kazi nyingine kabisa. Jumanne alichagua ubao mgumu, akaupiga randa mpaka ukang'aa, akachora herufi kwa penseli. HAPA ilichongeka vizuri, kwa kuwa hapa ni hapa. MPIGA NGOMA ilikuwa kutia chumvi, lakini akajisamehe. Alipofika ALIUGEUZA patasi ikateleza, herufi ya kwanza ikapasuka mpaka pembeni. Jumatano alichukua ubao wa pili. Ukapasuka palepale.

"Mikono yenyewe imenikana," akajisemea. Mikono ile haikuwahi kumkana kwenye mlango hata mmoja.

Kilichomtisha hakikuwa mji. Mji ungecheka wiki moja, halafu ungepata mwingine wa kumcheka. Kilichomtisha kilikuwa mkewe. Mwanamke yule alikuwa ameijenga ndoa yao juu ya ngoma ile. Kila binti yao alipoolewa, mama mtu alimkalisha kitandani na kumsimulia. Kila Kipimo alipokosea, na Mungu anajua alikosea mara nyingi, mkewe alishika kiuno na kusema, "Ungekuwa hukunifuata siku ile na ngoma yako, leo ningekuwa nimesharudi kwetu." Basi angalikuwa amesharudi kwao mara ishirini. Neno lile moja la woga lilikuwa limemlipia makosa ya miaka arobaini. Je, akijua kwamba halikuwa na kitu ndani?

Alhamisi asubuhi akaenda kwa kinyozi. Kinyozi huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ile, mwenzake wa tangu ujana. Mji ulimwita Mashavu, maana alipopuliza, mashavu yake yalijaa kama andazi. Wasichana wa zamani walikuwa na maoni mengi juu ya mashavu yale. Siku hizi yalikuwa yameshuka, na hakuwa na meno ya mbele ya kuzuia tarumbeta.

"Nikwambie siri," Kipimo akaanza, kitambaa shingoni. "Siku ile ya ngoma sikugeuka kwa makusudi. Nilipotea."

Mkasi ukasimama. Kisha Mashavu akacheka mpaka akashika ukingo wa kiti.

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu nilikuwa nyuma yako, nakuona unavyotembea kama ng'ombe aliyefungwa macho, halafu miaka yote hii nasikia ulikuwa unaongozwa na mapenzi! Nikadhani labda ndivyo mapenzi yanavyotembea."

"Nimwambie mke wangu?"

"Ili iweje? Mwenzangu, uongo uliozaa watoto wanne si uongo tena. Huo ni ukoo. Nenda kachonge."

Alikwenda, akashika patasi, akashindwa. Alasiri mkewe alipoleta chai alimkuta amekaa juu ya benchi lake la kazi, mbao mbili zilizopasuka zimelala miguuni, ya tatu ina HAPA MPIGA NGOMA peke yake.

"Mpiga ngoma amefanya nini?" akauliza. "Amekufa hapa?"

"Kaa, mama watoto."

Mkewe akavuta stuli, akakaa, akaanza kuokota maranda kwenye mkono wa shati la mumewe, kama alivyozoea. Kipimo akamwambia yote. Alisema pipa, akasema mshale, akasema kuta. Alisema kwamba alipotamka "wewe" hakuwa akimtafuta yeye wala mtu yeyote, alikuwa akitafuta pa kujificha. Maneno yalipoisha, aliona aibu ya miaka arobaini na mmoja imepanda usoni yote kwa pamoja, na macho akayaweka kwenye patasi.

Mkewe aliendelea kuokota maranda hata pale yalipokuwa yamekwisha.

"Mshale ulielekea kushoto," akasema mwishowe.

"Kushoto kabisa. Naapa."

"Najua. Lile pipa nililisukuma mimi."

Kipimo akainua kichwa. Moyo wake mzee ulifanya jambo ambalo haukuwa umefanya siku nyingi. Basi kumbe! Yeye hakumtafuta, lakini yeye alitafutwa. Hadithi ilikuwa imegeuka tu upande, na huu ulikuwa mzuri zaidi.

"Ulinivuta mimi?"

"Nilivuta tarumbeta," mkewe akasema.

Akamweleza, macho chini. Asubuhi ile alivaa gunia, akajipaka masizi, akaonekana kama mmoja wa wafagiaji wa mji. Akalibingirisha pipa kutoka kona ya posta hadi mdomo wa uchochoro, mchana kweupe. Siku ya Mji, nani angemshangaa mtu wa gunia anayebingirisha pipa? Watu walimpigia makofi. Hesabu yake ilikuwa kwamba bendi itapita chini ya dirisha lake, na Mashavu atainua macho. Hakuikumbuka ngoma. Ngoma ilitangulia, ikaziba, na tarumbeta ikabanwa kule nyuma kwenye majalala.

Iliuma. Babu wa wajukuu saba, mwenye mvi mpaka kifuani, alikaa juu ya benchi lake akaona wivu wa mashavu ya mtu ambaye asubuhi ileile alikuwa amemnyoa nywele. Alifikiria Jumamosi zote alizompa mtu yule shingo yake. Hata kupotea hakupotea kwa hiari yake mwenyewe. Alipotezwa, tena kwa ajili ya mwingine.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa kizibo," akasema.

"Ulikuwa kizibo," mkewe akakubali. Lilikuwa jambo moja alilompendea na kumchukia kwalo, kwamba hakuwa na desturi ya kupaka neno asali.

"Na nilipochomoka? Tarumbeta si ilipita?"

"Ilipita."

"Ukaiona?"

"Sikuiona. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimelowa sabuni, nacheka. Ulivyosema 'wewe' umekodoa macho kama kuku! Nilicheka mpaka bendi ikaisha. Mama akaja akaniuliza kama nina homa."

Kipimo hakujua kama ashukuru au akasirike. Akanywa chai ili mdomo uwe na kazi.

"Mwaka uliofuata," mkewe akaendelea, polepole sasa, "halmashauri walilifunga pipa kwa mnyororo kwenye nguzo ya posta. Hawakutaka tena fujo."

"Lakini nililikuta uchochoroni. Nikasema wamebadili mawazo."

"Nilikata mnyororo kwa msumeno wa fundi bomba. Toka alfajiri mpaka watu wanaanza kupanga mistari. Mikono ilitoka malengelenge, ndiyo maana ndoo nilibeba kwa vifundo vya mikono hivi." Akamwonyesha. "Hukuona?"

"Niliona. Nikadhani umeungua na pasi." Akazungusha kikombe. "Mwaka huo ilikuwa kwa ajili ya nani?"

"Nani alikuwa ananiletea mashati kila Jumanne, mwaka mzima, mengine hayajavaliwa hata mara moja? Mashavu?"

Kipimo akaweka kikombe chini. Lilikuwa limebaki jambo moja, na hilo hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu katika mji ule kukubali kwamba umekwama kwa bahati mbaya ni aibu, lakini kukubali lile jingine ni aibu kubwa zaidi kwa fundi.

"Mwaka wa pili nilipima," akasema.

"Ulipima nini?"

"Uchochoro. Wiki moja kabla. Walikuwa wameshaanza kuniita Kipimo, nikaona hapana. Nikapima ngoma, nikapima kuta. Ukiiinamisha kidogo inapita, na nafasi ya vidole viwili inabaki. Nikahesabu na hatua. Hadi posta ni mia sita na kumi na mbili. Siku ilipofika nikaona pipa kwenye hatua ya mia nne na thelathini."

"Ukajua si mahali pake."

"Nikajua. Nikageuka hivyohivyo."

"Na kuinamisha?"

"Sikuinamisha."

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Mkewe aliinua mkono, akaokota randa moja ambalo halikuwepo begani mwa mumewe, na mkono ukabaki pale. Kipimo aliona machozi yanamlenga, akayaacha. Alimpenda mwanamke huyu, na lilikuwa jambo la ajabu kuligundua kwamba amekuwa akilisema kweli muda wote, ila kwa tarehe ya uongo.

"Inuka," mkewe akasema. "Nishikie rula, nikusomee herufi. Peke yako utapasua msitu."

Walichonga pamoja mpaka giza likakaribia, na patasi haikuteleza hata mara moja. Kila neno lilikaa kama lilivyopitishwa na kikao. Walipofika kwenye mwaka, Kipimo aliusimamisha mkono juu ya tarakimu ya mwisho, akamtazama mkewe. Mkewe akanyanyua kidole kimoja. Akaongeza moja.

Ijumaa mchana karani alikuja na gari la halmashauri. Akakisoma kibao, akafungua faili, akasoma tena.

"Babu, mwaka umekosea. Kumbukumbu zetu zinaonyesha Kukwama kulianza mwaka mmoja kabla."

"Huo ndio mwaka wenyewe."

"Lakini, babu..."

"Mwache, mjukuu wangu," mke wa Kipimo akasema kwa sauti ya huruma kubwa. "Uzee."

Watu walikuwa wameshakusanyika, na muda wa kuchonga kingine haukuwepo. Kikatundikwa. Kabla jua halijapinda mji wote ulikuwa umeshajua kwamba Kipimo, katika jambo moja ambalo hakupaswa kukosea, amekosea mwaka mzima. Walimu waliostaafu walimfundisha kuhesabu njiani. Mwuza magazeti alimpa gazeti la mwaka juzi, akamwambia ni la leo.

Jumamosi, kama kawaida, alikaa kwenye kiti cha kinyozi, arekebishwe nyuma. Mashavu alimfunga kitambaa huku mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Mwenzangu, hata mwaka wa mapenzi yako mwenyewe? Ulipewa na karatasi!"

Kipimo aliyatazama yale mashavu kwenye kioo. Alikuwa amejiandaa kuyachukia, hata usingizi wa Ijumaa ulimpungukia kwa maandalizi hayo. Lakini yalikuwa mashavu ya mzee tu, yamelegea, yana kipele kimoja karibu na sikio, na wembe ulipogusa shingo yake uligusa taratibu kama siku zote.

"Nilikosea kupima," akasema. "Nyoa vizuri hapo nyuma. Mama watoto ananisubiri."